Mikono Iliyotoka Baa: Mary Lou Williams na Misa ya Jazi

Ndugu msomaji, naanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili ya Kwaresima. Kwaya yetu ikasimama kuimba "Bwana utuhurumie" nami nipo kwenye kinanda. Wimbo ni ule ule wa siku zote, wa sauti nne, tunaouimba hata tukiwa na usingizi. Siku hiyo sijui nilipatwa na nini. Nikaupunguza mwendo, nikaanza kuzishusha sauti kidogo pembeni ya pale zinapotakiwa kukaa, mkono wa kushoto nao ukawa unatembeza besi hatua kwa hatua. Sauti ya nne wakatazamana, wakatabasamu, wakaingia. Baina ya beti nikapiga solo fupi. Mimi nilidhani tumesali.

Baada ya Misa mzee mmoja wa kwaya, mtu wa heshima zake, akaniita pembeni. Akasema taratibu: "Mwanangu, umepiga vizuri. Ila hiyo mikono imetoka baa."

Ningemjibu nini? Ni kweli tupu. Kinanda sikufundishwa na sista wala katekista. Nilijifunza kwa kumchungulia mpigaji wa bendi ya dansi mazoezini, mchana, wakati viti vya baa bado vimepinduliwa juu ya meza. Nikasema "Ndiyo mzee, nimesikia," nikafunga kinanda, na kwa miezi kadhaa sikurudi kwaya. Niliona haya, halafu nikaona hasira, halafu vyote viwili vikaisha, likabaki swali: kumbe mikono ina dini? Kidole kikishapiga dansi Jumamosi, Jumapili hakiwezi tena kumwomba Mungu?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa mama mmoja wa Kimarekani, Mary Lou Williams. Nataka nikusimulie habari zake, kwa maana aliulizwa jambo hili hili, tena na watu wakubwa kuliko mzee wangu, na kwanza kabisa alijiuliza mwenyewe.

Katazo la mwaka 1903

Tuanze nyuma kidogo, kabla yeye hajazaliwa.

Tarehe 22 Novemba 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pius wa Kumi alitoa waraka juu ya muziki wa kanisa. Tusimwonee Baba yule; alikuwa na ugomvi wa haki. Katika makanisa mengi ya Ulaya Misa ilikuwa imegeuka kuwa kama opera: waimbaji wanatunishiana misuli ya koo, padre anakaa kusubiri wamalize madoido, waumini wamegeuka watazamaji. Papa akasema basi, turudi kwenye wimbo wa Gregori, ule wa sauti moja usio na ngoma wala mapambo, ambao watawa wa Solesmes kule Ufaransa walikuwa wakiufufua kutoka kwenye vitabu vikuukuu vilivyoandikwa kwa mkono.

Lakini humo ndani ya waraka mlikuwa na makatazo. Piano marufuku kanisani. Ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele au vya mzaha, marufuku pia. Na wanawake wasiingie katika kwaya ya liturujia, kwani kuimba pale ni kazi ya kihudumu, nayo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Kwa vitendo parokia nyingi hazikulifuata neno hilo la mwisho, lakini neno liliandikwa.

Sasa hesabu pamoja nami. Piano, ngoma, mwanamke. Miaka sita na nusu hivi baadaye, mwezi Mei 1910, katika mji wa Atlanta, akazaliwa mtoto mweusi wa kike ambaye angekuja kuvikusanya vyote vitatu katika mwili mmoja.

Mtoto wa piano

Jina lake la kuzaliwa ni Mary Elfrieda Scruggs. Alikulia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, na akiwa bado mdogo alikuwa tayari anapiga piano kwenye nyumba za watu kwa ujira. Alipofika umri wa miaka ishirini hivi alikuwa Kansas City na bendi ya Andy Kirk, akiwa mpiga piano na vilevile mpangaji wa muziki. Wenzangu wa bendi mnajua kazi ya mpangaji: ndiye anayeamua tarumbeta ziingie wapi, saksafoni zijibu nini, nani anyamaze. Watu wa dansi wanamwona mwimbaji. Wanamuziki wanamjua mpangaji. Benny Goodman na Duke Ellington, majina makubwa ya zama zile, nao walipiga muziki aliouandika yeye.

Hapa inabidi niseme neno juu ya hilo neno "jazi", maana kwetu linaweza kupotosha. Sisi tumelizoea katika majina ya bendi za dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Bendi hizo zilipiga zaidi rumba na mitindo yake. Neno Jazz lilikuwa kama koti zuri la kuvaa. Jazi ya Marekani ni muziki wa Weusi uliokulia New Orleans, mji ulioanzishwa na Wafaransa, ukashikwa na Wahispania, mji wa Kikatoliki. Mwaka 1817 serikali ya mji huo iliamuru kwamba watumwa wakutane kucheza siku ya Jumapili tu, mahali palipotengwa. Uwanja waliokuwa wakikutania ukajulikana kwa jina la Congo Square. Yaani asubuhi kengele za Misa, mchana ngoma. Vitu hivyo viwili vilikuwa majirani tangu zamani sana. Vilitenganishwa na ukuta na saa chache tu.

Mary Lou aliipitia jazi yote, mtindo kwa mtindo, bila kubaki nyuma. Mwaka 1945 alitunga mfululizo wa vipande kumi na viwili juu ya nyota kumi na mbili za falaki. Nyumba yake ya Harlem, New York, ikawa kama kilinge cha vijana waliokuwa wakibuni mtindo mpya wa bibopu: Thelonious Monk, Bud Powell, Dizzy Gillespie. Walikuja usiku, wakala, wakapiga piano yake, wakamwonyesha walichotunga. Alikuwa dada yao mkubwa.

Halafu akachoka.

Mwaka 1952 alikwenda Ulaya. Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha kupiga. Hakufukuzwa, wala hakuugua mikono. Aliona tu kwamba muziki ule na maisha yanayouzunguka, pombe, madawa ya kulevya, marafiki wanaokufa vijana, havimpeleki popote. Akarudi New York, akafunga piano, akaanza kusali. Aliingia kanisa Katoliki, akakaa saa nyingi akiwaombea watu kwa majina. Nyumba yake, iliyokuwa kilinge cha wapigaji, ikawa hospitali ya wapigaji waliovunjika. Mwaka 1957 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, yeye pamoja na Lorraine, mke wa Dizzy Gillespie.

Unaona, ndugu msomaji? Hapo hakuna mzee aliyemwita pembeni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiambia mikono yake: mmetoka baa, kaeni kimya. Na cha ajabu ni kwamba waliomrudisha kwenye piano ni mapadre. Padre John Crowley, mpenzi wa jazi, na Padre Anthony Woods, Myesuiti aliyemfundisha dini, walimwambia karama yake ndiyo sala yake, asiizike. Dizzy naye akambembeleza. Julai 1957 akapanda jukwaani Newport na bendi ya Dizzy, akapiga.

Niliposoma habari hiyo nilijiona mdogo. Mimi nilinyamaza miezi kwa sababu ya kisirani. Yeye alinyamaza miaka kwa sababu ya dhamiri.

Mtakatifu mweusi na ufunguo wa mlango

Mei 1962 Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alimtangaza mtakatifu Martin de Porres wa Lima, Peru. Martin alizaliwa mwaka 1579, baba Mhispania, mama mwanamke mweusi aliyekuwa ameachwa huru kutoka utumwani. Kwa rangi yake hakuruhusiwa kirahisi kuwa mtawa kamili wa Wadominikani; aliingia kama mtumishi, akafagia, akanyoa watu nywele, akauguza wagonjwa. Ndiyo maana katika picha zake utamwona ameshika ufagio.

Mary Lou akamtungia utenzi, maneno yakiwa ya Padre Woods. Kwaya inaimba polepole, sauti zimebanana kwa namna ambayo sikio la jazi linaitambua mara moja, hakuna ngoma wala besi. Katikati, ghafla, piano inaingia peke yake na mwendo wa Kilatini-Amerika, mwendo ambao mtu wa rumba akiusikia miguu inaamka. Halafu kwaya inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Utenzi huo uliimbwa New York mwaka huo huo wa 1962, kisha ukatoka katika sahani ya santuri mwaka 1964.

Hii bado si Misa. Lakini wakati huo mlango ulikuwa unafunguliwa kutoka upande wa ndani. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia. Hati ile ilisema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba wimbo wa Gregori unastahili nafasi ya kwanza, na kwamba mataifa yenye muziki wao, hasa katika nchi za misioni, muziki huo upewe heshima yake. Vyombo vingine navyo vinaweza kukubaliwa vikifaa kwa matumizi matakatifu. Lugha za watu zikaingia altareni. Mwaka 1964, katika Misa ya Kiingereza ya St. Louis, Padre Clarence Rivers, padre mweusi wa Cincinnati, aliimbisha watu wimbo wake wenye damu ya nyimbo za kiroho za Weusi. Mwaka 1966, Harlem, mpiga piano Eddie Bonnemère alitoa Misa yake ya jazi akaipa jina la Kilatini, Missa Hodierna, maana yake Misa ya leo. Kwa hiyo Mary Lou hakuwa wa kwanza. Ninamchagua yeye kwa sababu ndiye aliyelifanyia kazi jambo hili muda mrefu, akarudia, akafuta, akaandika upya.

Na kabla hatujasahau, sisi watu wa Kiswahili tulikuwa na neno la kusema mapema zaidi. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, Mfransisko wa Kibelgiji, Padre Guido Haazen, pamoja na kwaya yake ya watoto na walimu walitoa Missa Luba: maneno ya Kilatini, tuni na ngoma za Kikongo, sehemu kubwa ikiwa imebuniwa mazoezini na waimbaji wenyewe. Na Mtanzania Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Swali la Harlem lilikuwa swali letu pia.

Vitu viwili vinavyofanana kuliko tunavyodhani

Wengi wakisikia "jazi ndani ya Misa" wanafikiri ni kama kumvalisha askofu suruali ya jinzi. Basi tushuke kwenye muziki wenyewe tuone.

Misa ya kuimbwa ina sehemu tano zisizobadilika: Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mwanakondoo. Katika wimbo wa Gregori zote huimbwa kwa sauti moja. Hakuna "moja-mbili-tatu-nne", mwendo unafuata maneno, kama mtu anayesoma kwa kuvuta. Nyimbo hizo zinakaa katika ngazi nane za zamani. Chukua kinanda, anza na "re", panda mpaka "re" ya juu bila kugusa kitufe cheusi hata kimoja. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya Gregori. Sasa tafuta kipande cha kwanza cha santuri ya Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue. Kimejengwa juu ya ngazi hiyo hiyo! Wanajazi walikuwa wamechoka kukimbizana na mabadiliko ya kodi, wakarudi mahali ambapo watawa walikuwa wamekaa miaka elfu.

Tazama la pili. Katika Aleluya ya Gregori, ile "a" ya mwisho haiishi. Mwimbaji anaivuta, anaipandisha, anaizungusha, sauti nyingi juu ya irabu moja, kwa sababu furaha imeshinda maneno. Mpiga saksafoni anapovuta solo afanye nini kingine?

La tatu ni kuongoza na kuitikia. Wimbo wa katikati, zaburi, mmoja anaimba na wote wanajibu. Bluzi nayo ndivyo ilivyo: sauti inauliza, gitaa linajibu. Wala hatuhitaji kufundishwa hilo sisi tuliokulia kwenye ngoma.

Tofauti ipo, nami sitaificha. Kwanza ni ngoma: Gregori haitembei kwa mapigo, jazi bila mapigo haisimami. Ya pili ni kubwa zaidi. Katika Gregori mwimbaji anajificha. Hujui ni nani anayeimba, na ndiyo raha yake. Katika jazi mpigaji anajitokeza. Tunataka kujua huyu ni Monk au ni Powell. Mtu anayesema solo kanisani inamtukuza mpigaji badala ya Mungu hasemi upuuzi. Hilo ndilo hasa alilolikataa Pius wa Kumi kwa waimbaji wa opera.

Lakini historia inasema jambo jingine pia. Katika karne ya 15 na ya 16 watunzi wakubwa wa Misa, Dufay, Josquin, hata Palestrina ambaye Kanisa linamtaja kama kielelezo, walichukua wimbo wa mtaani juu ya mtu mwenye silaha, "L'homme armé", wakaujengea Misa juu yake. Zipo Misa zaidi ya arobaini za namna hiyo. Wimbo wa mtaani uliingia kanisani, ukavua viatu, ukakaa. Kwa hiyo kinachotoka mtaani hakijawahi kuwa kigeni altareni. Kigeni ni sisi kusahau.

Misa tatu

Mwaka 1967 Mary Lou alikuwa Pittsburgh akifundisha muziki katika shule ya wasichana ya Kikatoliki. Hapo akaandika Misa yake ya kwanza, ikaimbwa katika kanisa kuu la jimbo. Mwaka uliofuata akaandika ya pili, ya Kwaresima, ikaimbwa katika kanisa la Mtakatifu Thomas Mtume, Harlem.

Kumbuka Kwaresima hiyo ilikuwa ya mwaka gani. Tarehe 4 Aprili 1968, siku kumi kabla ya Pasaka, Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis. Miji ya Marekani ikawaka moto. Mary Lou alitunga nyimbo mbili za kumkumbuka. Hebu jiweke kwenye benchi la kanisa lile. Umevaa nguo za Jumapili, nje kuna harufu ya moshi, na padre anasema tuimbe "Bwana utuhurumie". Utaimba kwa sauti ipi? Kwa ile ya Solesmes, safi, isiyo na kovu? Au kwa ile uliyoimbiwa na bibi yako, ambayo ndani yake "Bwana" linatamkwa na mtu aliyewahi kumlilia kwelikweli?

Mwaka mmoja kabla, Machi 1967, Roma ilikuwa imetoa maelekezo kwamba vyombo vinavyohesabiwa kwa maoni ya watu wote kuwa vya kidunia tu visitumike katika liturujia. Naheshimu maelekezo hayo, na yenyewe yanataka tabia na mila za kila taifa ziangaliwe. Ila hapo kwenye "watu wote" ndipo kitendawili kilipo. Watu wote wa wapi? Kwa mtu wa Ulaya ngoma ilikuwa chombo cha jeshi na cha dansi. Kwa mtu mwingine ngoma ndiyo iliyomzika babu yake.

Misa ya tatu ilizaliwa mwaka 1969, baada ya Mary Lou kukaa Roma na kuombwa Misa ya kuombea amani. Mwanzo iliitwa Muziki kwa ajili ya Amani. Ndani yake mna sehemu za kawaida za Misa, pamoja na vipande juu ya Lazaro maskini wa mlangoni na juu ya watu walio katika taabu. Ameweka bluzi, ameweka nyimbo za kiroho, ameweka swingi na midundo mipya ya vijana wa miaka ile. Mwaka 1971 Alvin Ailey aliitungia dansi, na hapo jina likawa Misa ya Mary Lou. Fikiria safari hiyo: muziki uliotoka ukumbi wa dansi ukaingia kanisani, halafu ukatoka kanisani na kurudi jukwaa la dansi, bado ukiwa sala.

Kisha tarehe 18 Februari 1975, siku ya Jumanne, Misa hiyo iliimbwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York, lile kubwa la mawe lililofunguliwa mwaka 1879. Ilikuwa mara ya kwanza Misa ya jazi kusikika ndani ya kuta zile. Walifika watu zaidi ya elfu tatu. Waimbaji walikuwa kwaya ya watoto wa shule. Kwenye piano, mama wa miaka sitini na minne.

Piano, ngoma, mwanamke. Miaka sabini na mmoja tangu waraka wa 1903.

Na tazama alivyolijibu lile pingamizi la solo. Hakulijibu kwa maneno. Misa aliikabidhi kwa watoto. Mtu aliyewahi kuwafundisha mabingwa akakaa nyuma ya kwaya ya watoto akiwashikia sauti. Piano ikawa chini yao kama mkono unaomsaidia mtoto kuvuka barabara.

Mizizi

Mary Lou alikuwa na mchoro aliopenda kuutumia kufundisha, mti wa jazi, uliochorwa na David Stone Martin. Kwenye shina zimepanda nyimbo za kiroho, ragitaimu, swingi ya Kansas City, bibopu. Chini kabisa, mizizini, pameandikwa neno moja: mateso. Alishikilia kwamba jazi ni muziki wa kiroho kwa sababu ya mizizi hiyo, hata ukipigwa mahali pa pombe. Kuanzia mwaka 1977 alikuwa anafundisha hayo katika Chuo Kikuu cha Duke, na alifariki Mei 1981.

Baada yake wengine wameendelea. Mwaka 1993, katika nyumba ya watawa huko Austria, mpiga saksafoni Mnorwe Jan Garbarek alirekodi na waimbaji wanne wa Hilliard Ensemble nyimbo za kale za kanisa, saksafoni ikizungukazunguka juu yao kama ndege aliyeingia kanisani akakosa dirisha la kutokea. Santuri ilitoka mwaka 1994, ikauzwa zaidi ya nakala milioni. Ni nzuri mno, naisikiliza usiku. Lakini hiyo ni ya kusikiliza. Hakuna anayekomunika pale, hakuna mtoto anayelia benchi la nyuma, hakuna mama aliyefiwa anayetafuta pa kuweka kilio chake. Misa ya Mary Lou iliandikwa kwa ajili ya huyo mama.

Ndipo nilipoelewa kosa langu, nalo halikuwa lile nililolidhania. Kanuni za Misa zinasema wakati wa Kwaresima vyombo vipigwe kwa ajili ya kuwasaidia waimbaji tu. Mzee wangu alikuwa na haki nusu. Mikono haikuwa na hatia kwa kutoka baa. Ilikosa kwa ile solo yangu baina ya beti, Jumapili ya toba, nikitaka sauti ya nne wanitazame. Kushusha sauti pembeni kidogo, kutembeza besi polepole chini ya watu wanaolia, hilo sitalitubu.

Nilirudi kwaya. Nilimkuta mzee amekaa pale pale, kitabu cha nyimbo mapajani. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba." Akanisogezea kiti cha kinanda kwa mguu. Tulipofika "Bwana utuhurumie" nikapunguza mwendo kidogo, kidogo tu, nikawasikiliza waimbaji badala ya kujisikiliza mwenyewe. Solo sikupiga. Mkono wa kushoto, kwa mbali, ulikuwa unatembea.

Mzee hakugeuka. Ila nilimwona, mguu wake wa kulia, ndani ya kiatu, unahesabu.